Daktari Aliyepima Damu Sikioni

Watu wa Lodwar walimwita mwanamke huyu Daktari, ingawa yeye mwenyewe alikuwa akiwasahihisha kila mara. "Mimi si daktari. Mimi ni msaidizi wa afya ya mifugo. Daktari yuko ofisini, ana kiti kinachozunguka." Watu walicheka, kisha wakamwita Daktari tena. Nami nitamwita hivyo hivyo, maana nilifanya kazi naye miaka tisa, nikiwa mkalimani wake wa Kiturkana, na sikuwahi kumwita vingine.

Jambo la kwanza alilofanya mbele ya mbuzi mgonjwa ni kuvuta kope ya chini kwa kidole gumba. "Onyesha jicho," alimwambia mbuzi kwa Kiswahili, na mbuzi akatulia au akapiga teke. Ndani ya kope pakiwa pekundu, alimwachia aende. Pakiwa peupe kama karatasi, alipiga goti mchangani na kazi ikaanza. Kipimajoto nyuma. Sikio likageuzwa, mshipa mdogo wa pembeni ukachomwa, tone la damu likatoka. Alilipokea kwenye kioo chembamba na kulisukuma kwa ukingo wa kioo kingine mpaka likawa utando usioonekana vizuri kwa macho. Halafu akakipunga kile kioo hewani kikauke. Kwetu hakuna kitu kinachochelewa kukauka.

Hadubini yake ilikuwa ya zamani, ya aina yenye kijikioo chini cha kuvutia mwanga wa jua. Ofisini kulikuwa na mpya ya umeme, lakini yeye alisema jua la Turkana halijawahi kukatika. Tukifika bomani alikunja gunia, akalitandika juu ya boneti ya gari, akaiweka hadubini hapo. Kioo kilitumbukizwa kwenye spiriti, kisha kwenye rangi ya zambarau aliyoibeba katika chupa ya sosi ya nyanya. Vidole vyake vya mkono wa kulia vilikuwa na zambarau miaka yote niliyomjua, hata kanisani, hata siku za sherehe.

Alipoona alichokitafuta hakukisema kwanza. Alimwita mwenye mbuzi aje atazame. Wazee wengi hawakutaka, lakini aliwashika bega na kuwainamisha. "Unaona zile chembe nyekundu? Unaona kanukta keusi kamekaa ukingoni? Huyo ndiye anayekunywa damu ya mbuzi wako. Kupe ndiye aliyemleta." Mimi nilitafsiri. Mzee mmoja wa kando ya barabara ya Kakuma aliinama muda mrefu, akafumba jicho moja, akafumbua, kisha akaniambia kwa Kiturkana, "Mwambie naona kope yangu mwenyewe." Nilipotafsiri, Daktari alicheka mpaka akashikilia mlango wa gari. Katika miaka tisa nilimwona akicheka hivyo mara mbili, na ile ya pili siikumbuki sababu yake.

Kilichomkasirisha kuliko vyote ni kubahatisha. Madukani dawa za sindano ziliuzwa kama sukari, na mfugaji alichagua kwa rangi ya chupa.

"Umemdunga nini?" aliuliza.

"Dawa."

"Dawa gani?"

"Ile ya mbuzi."

Hapo alikaa chini, popote alipokuwa, akavua kofia. Mwenye mbuzi alianza kuona haya bila kujua kosa lake. Kisha akaeleza polepole kwamba homa ya kupe ina dawa yake, na mapafu yana dawa yake, na mnyoo hauogopi sindano. Kwamba kitoto cha mbuzi kikivimba magoti kimeingiwa na vijidudu kupitia kitovu, na sasa vinazunguka ndani ya damu, na kumpa dawa ya minyoo ni kumzika akiwa hai. Alieleza hayo boma kwa boma. Hakuchoka kueleza, ila alichoka na watu. Wakimuuliza habari za nyumbani kwake alijibu "nzuri" na kufungua mkoba.

Na mtu huyo huyo aliyekataza kubahatisha, akiumwa kichwa alikung'uta mkoba wake, akaokota kidonge chochote kilichodondoka chini, akapuliza vumbi, akameza. Nilimwuliza ni kidonge gani. Akasema, "Cheupe."

Hakuwapenda mbuzi. Alilisema wazi, mbele ya wenye mbuzi, nami nililiacha bila kulitafsiri. Alisema mbuzi ni mnyama mjuaji, asiyejua mema anayofanyiwa. Nyumbani kwake, nyuma ya mji, ndani ya ua wa miti ya mathenge, hakufuga hata kuku. Lakini nyama ya mbuzi alikula vizuri, akavunja na mifupa.

Kuna siku ambayo watu wa upande wa Kakuma huisimulia mpaka leo. Tuliitwa kwenye boma ambako mbuzi watatu walikuwa wamekufa kwa siku mbili, ghafla, bila kuugua. Wa nne alikuwa amelala hapo amekufa, tumbo limejaa, na puani alitoka damu nyeusi isiyoganda. Mwenye boma alikuwa tayari ameshika kisu. Ulikuwa mwaka wa ukame, na watoto walikuwa wamekaa wakingoja nyama.

Daktari alichoma sikio, akapata damu yake, akaenda kwenye gari. Aliporudi alisimama kati ya kisu na mzoga.

"Ni kimeta. Huyu hafunguliwi. Hachunwi, haliwi. Anachomwa."

Nilitafsiri. Mwenye boma hakupandisha sauti. Alinijibu kwa Kiswahili, ili Daktari mwenyewe amsikie. "Sasa watoto nakula nini?"

Daktari alifungua mwavuli wake, akaketi juu ya jiwe kando ya mzoga, kisha akaniambia nikatafute kuni. Kuni hazikuwa karibu. Alikaa pale kutoka saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, nzi wamemjaa, na kila aliyekaribia alimrudisha kwa mkono. Tulichoma, tukafukia majivu. Ilibainika kwamba majirani wawili walikuwa wamekula mzoga wa kwanza, na mikononi walikuwa na vidonda vyeusi katikati. Tuliwapeleka hospitali ya Kakuma kwa gari lile lile. Mmoja alipona. Wa pili sikupata habari zake.

Wiki iliyofuata alipita pale na gunia la unga alilolinunua mwenyewe. Alilishusha langoni, akageuza gari.

Sasa niseme juu ya mama yangu.

Mama alifuga upande wa kaskazini, kwenye tambarare kavu zisizo na kupe. Ukame ulipokomaa alishusha mbuzi wake hadi ukingoni mwa lagga ya Tarach, mto wa msimu karibu na Kakuma, ambako miti ya mikoma na mathenge ilikuwa bado na majani. Ng'ombe wengi walikuwa wamepita hapo kabla yake. Kisha mvua ikanyesha kidogo, nyasi zikachomoza, na kupe wakatoka, wale wakubwa wenye madoadoa mgongoni. Mbuzi wa mama hawakuwa wamewahi kukutana nao.

Alinipigia simu. "Mbuzi yangu nainua miguu kama ngamia," alisema. Tulizoea kuongea Kiturkana, lakini aliposhika simu alihamia Kiswahili, akiamini simu ndivyo inavyotaka. "Nazunguka, nazunguka, naanguka. Njoo na yule mama."

Tulifika siku ya pili yake, saa tatu asubuhi. Mama alikuja kutupokea. Alimsalimu Daktari, "Ejok," na Daktari akajibu, "Ejok, mama," akampita akaenda kwa mbuzi. Watatu walikuwa wamelala ubavu wakipiga miguu hewani kama wanaogelea, povu midomoni. Wengine walitembea wakinyanyua miguu juu sana, wakitafuna na hakuna kitu mdomoni. Waliobaki walisimama wameinamisha vichwa.

Mmoja alikufa mbele yetu. Daktari alimfungua palepale. Kifuko cha moyo kilikuwa kimejaa maji ya manjano. Alivunja fuvu kwa kishoka, akatoa kipande cha ubongo kidogo kuliko punje ya mahindi, akakibana kati ya vioo viwili na kukivuta. Spiriti, zambarau, boneti. Alitazama kwa muda mrefu. Aliniita nitazame na mimi. Ndani ya ukuta wa mshipa mwembamba wa damu kulikuwa na kishada cha nukta za zambarau.

"Maji ya moyo," alisema. "Vijidudu vya kupe vimo ndani ya mishipa yenyewe. Huyu aliyeanguka hasaidiki. Aliyeanza kurusha miguu, hasaidiki. Mwenye homa peke yake, akipata tetrasaiklini leo, anaweza kuishi."

"Tuna ngapi?" niliuliza.

"Pima joto kwanza."

Nilipima mbuzi wote, mmoja mmoja, nikimsomea naye akiandika. Mama alinishikia pembe. Walikuwa zaidi ya thelathini, na karibu wote walikuwa wamepita kiwango alichoniambia nikiangalie. Wengi wao walikuwa tayari wameanza kurusha miguu. Wenye homa tu, waliokuwa bado wanatembea sawasawa, walikuwa saba au wanane.

Asubuhi hiyo, kabla ya kufika kwa mama, tulikuwa tumepita Kalobeyei, kwenye kikundi cha akina mama waliofuga pamoja, wakimbizi na wenyeji. Mbuzi wao walikuwa wa maziwa ya watoto, wengi kuliko wa mama, na walikuwa wamechungwa ukingo ule ule wa lagga. Kwao hakuna aliyekuwa ameanguka. Walikuwa wameanza homa jana yake. Daktari alikuwa amewaambia tutarudi alasiri, tukishajua ni ugonjwa gani.

Stoo ya ofisi Lodwar ilikuwa tupu tangu mwezi uliotangulia. Daktari alitoa chupa iliyokuwa nusu, akadunga wale saba au wanane wa mama, akaitikisa, akaionyesha ikiwa tupu. Mama alimtazama.

"Na hawa wengine?"

Daktari aliniambia, "Mwambie dawa imekwisha."

Alikuwa ameinama juu ya mkoba wake ulio wazi. Ndani, chini ya taulo, niliona shingo ya chupa ya pili, kifuniko chake cha bati hakijaguswa. Niliiona vizuri. Nilikuwa nimeshika kipimajoto mkononi.

Nilimgeukia mama, nikamwambia kwa Kiturkana, "Dawa imekwisha."

Mama alisema sawa. Alichota maji kidogo kwenye kibuyu, akammwagia Daktari mikononi anawe damu. Maji aliyokuwa ameyafuata kwa mwendo wa saa nzima. Daktari alinawa. Alasiri tulidunga mbuzi wa Kalobeyei, wote, na dawa ikatosha kwa kubana. Nilishika sikio, nilishika mguu, nilihesabu.

Mama alibaki na mbuzi watano. Miongoni mwa wale aliodungiwa, wawili nao walikufa. Kwa mbuzi watano mtu haitwi mfugaji. Alihamia Kakuma mjini, kwa dada yake, akasuka vikapu vya majani ya mikoma. Mikono yake ilikuwa mizuri kwa kazi hiyo. Niliendelea kwenda kazini. Nilimletea chai na sukari kila mwisho wa mwezi, tukakaa nje, naye akiniuliza habari za Daktari.

"Mama yule ni mtu," alikuwa akisema. "Alipasua kichwa ya mbuzi kwa ajili yangu. Watu wa ofisi hawafanyi hivyo."

Nilisema ndiyo.

Aliugua kifua mwaka wa pili. Haikuchukua muda. Daktari alikuja mazikoni, akasimama nyuma, vidole vyake vya zambarau vimeshika kofia. Alinipa mkono, akasema pole. Jumatatu tulikuwa pamoja kwenye boma lingine upande wa Lodwar, akivuta kope za mbuzi, nami nikitafsiri. Nilingoja nihisi jambo juu ya Daktari na ile chupa. Nilidhani litakuja kama homa inavyokuja, kidogo kisha juu. Halikuja. Nilikula, nililala, niliandika ripoti. Baadaye nilienda chuo, nikarudi na cheti kama chake, nikapewa eneo langu. Yeye akastaafu. Watu walidhani atarudi kwao, hakurudi. Sikujua kwao ni wapi hasa, wala hakuwahi kuniambia.

Mwaka jana nilitumwa Katilu kuchanja mbuzi dhidi ya homa ya mapafu. Siku ya tatu mkulima mmoja aliniambia kuna mama mstaafu kule kwenye mashamba ya umwagiliaji anayewasumbua watu wenye mbuzi. Nikajua ni nani. Nilienda kwa miguu.

Nilimkuta ameketi kwenye kigoda mbele ya shamba dogo la mahindi na mipapai. Alikuwa amepungua. Goti la kushoto lilikuwa limevimba, amelifunga kitambaa. Vidole vyake vilikuwa safi, rangi imetoka yote, na hilo lilinishtua kuliko uzee wake.

"Umechanja wangapi leo?" aliniuliza, kabla ya salamu.

Nikamwambia. Akauliza kama chanjo ilikaa kwenye barafu muda wote. Nikasema ndiyo. Akasogeza ndoo, akaigeuza, nikaketi juu yake. Alinikatia papai. Tulikula tukiangalia mahindi. Kisha akasema, akiwa bado anatafuna:

"Siku ile kwa mama yako nilikuwa na chupa nyingine."

"Niliiona."

Aliacha kutafuna. "Nilidhani hukuiona. Miaka yote hii nilidhani hukuiona."

"Ilikuwa chini ya taulo."

"Kwa nini hukumwambia?"

Nilitaka kumjibu ukweli, na sikuwa nimewahi kuulizwa. "Angekuomba," nikasema. "Na wewe ungempa."

"Ningempa," akasema.

"Na mbuzi wake wangekufa, miguu yao ilikuwa imeshaanza. Na wa Kalobeyei wangekufa pia. Mimi ndiye niliyepima joto, Daktari. Nilijua kama wewe ulivyojua."

Hakusema pole, nami sikutaka aseme. Nilitaka kumwambia jambo lingine, nikamwambia. Kwamba miezi miwili iliyopita, karibu na Lodwar, nilikuwa na dawa ya boma moja na maboma mawili yananisubiri. Kwamba lile la pili lilikuwa la mjane, na nilimwambia dawa imekwisha, na mkoba wangu nilikuwa nimeufunga zipu kabla ya kushuka garini.

"Ulifunga zipu," akarudia.

"Ndiyo."

"Mimi sikufikiria zipu."

Alijaribu kutabasamu, ikashindikana. Alifuta kisu kwenye goti lililofungwa kitambaa, akakiweka chini.

Jirani wa shamba la juu aliita, "Mama Daktari! Maji imefika! Zamu yako!" Alishika jembe akataka kuinuka, goti likamkatalia. Nilimnyang'anya lile jembe. Nilivua viatu, nikapandisha sketi, nikashuka mferejini. Nilikata tuta la udongo, maji ya mto Turkwel yakaingia yakiwa mazito kwa matope, yakapita kati ya miguu yangu kuelekea mstari wa kwanza wa mahindi. Yalikuwa baridi. Nilisimama ndani yake.

Alinifuata polepole akijishikilia kwenye fito, akasimama ukingoni juu yangu.

"Mama yako alikuwa anaitwa nani?" aliuliza. "Kwenye daftari niliandika tu mwenye mbuzi."

Nikamwambia. Ni jina refu kidogo, la Kiturkana, lina herufi ya mwisho isiyosikika kwa mtu asiyezaliwa nayo. Alilitamka, akakosea. Nikalirudia. Akakosea tena, akakunja uso, akanitaka nilitaje kwa vipande. Nikalitaja kwa vipande, maji yakiwa yamefika magotini. Muda mrefu ulikuwa umepita tangu nilitamke kwa sauti, na nilipofika kipande cha tatu ilinibidi nianze upya.

Alingoja nimalize. Kisha akalisema lote kwa mara moja, sawasawa.

"Ndiyo," nikasema. "Hivyo."